Sungura wa Bibi Shigeko

Kufikia saa nne asubuhi Shigeko Tamaru alikuwa ameshapita mbele ya duka la mikate mara tatu, na mara zote alijifanya anatazama kiatu chake. Ndani kulikuwa na wateja. Yeye alilitaka lile kapu la pembeni, la kingo za mkate zinazokatwa wakitengeneza sandwichi, lenye kibao: Bure, kwa wenye wanyama.

Mnyama wa Shigeko alikuwa wa ajabu. Hakuwa na mkia, masikio yake mafupi, na dukani alitoka kwa miguu miwili. Lakini mzee mmoja aliwahi kusema kweli pale kwamba hana mnyama, akaambiwa kwa heshima zote kwamba binadamu hawapewi, mtu akiugua je? Shigeko alikuwa nyuma yake kwenye foleni. Ilipofika zamu yake akasema ana sungura, anaitwa Azuki.

Pensheni ilikuwa bado siku tisa. Nyumbani palibaki majani ya chai na sosi ya soya. Ndiyo maana asubuhi hiyo alianzia ofisi ya kata.

"Msaada upo, bibi, ni haki yako," kijana wa dirishani alimwambia. "Ila kwanza tunamwandikia kaka yako kule Akita, tumuulize kama anaweza kukulisha."

Shigeko alimwomba barua hiyo isiende. Kila mwaka mpya humtumia kaka yake kadi kwamba yu mzima na hapungukiwi kitu, na kijijini kwao bahasha ya serikali husomwa na macho ya mtaa mzima kabla haijafunguliwa.

"Ni utaratibu tu."

"Nisipokubali?"

"Basi sisi hatujakukataa, bibi. Wewe ndiye hujaomba." Akairudisha fomu kwa mikono miwili, akainama.

Sasa wateja walitoka. Shigeko akaingia haraka.

"Mama Tamaru! Azuki hajambo?" aliuliza Kuramochi, mwenye duka.

"Hajambo. Ulafi tu."

"Sungura gani huyo, mfuko mzima siku mbili? Mlete tumwone, isije ikawa ni mbuzi."

Wakacheka. Shigeko alicheka huku jicho liko kwenye kapu. Lilikuwa tupu.

"Zile kingo nimempa mwenye kuku," Kuramochi alisema, akainama chini ya meza. "Nimesoma kwamba mkate unawaharibu sungura tumbo. Usingizi sikuupata, nikasema tutamuua mtoto wa watu." Akatoa mfuko mkubwa wa chakula cha sungura. Alikuwa ameununua kwa pesa yake.

Shigeko akafungua mdomo. Lilikuwa neno dogo tu, *nakula mimi*, na lilishafika kwenye ulimi. Kengele ya mlango ikalia, mteja akaingia.

"Azuki atafurahi sana," alisema, akainama mara mbili.

Nyumbani alimimina konzi moja kwenye bakuli, akatia maji ya moto na matone ya sosi. Vile vipunje vikavimba, vikawa uji wa kijani, harufu ya nyasi zilizofyekwa ikajaa chumbani. Kwenye mfuko kulikuwa na picha ya sungura mweupe, mnene, na chini yake maandishi: Mpenzi wako anastahili lishe kamili kila siku.

Shigeko aliugeuza mfuko ukatazama ukuta, akachukua kijiko.