Kilo Themanini na Nane

Karatasi ya hesabu aliiandika mume wangu Mutasim mwaka jana, tulipoamua kuanza kazi ya kusafisha masofa na mazulia majumbani kwa watu. Maji lita mia nne na hamsini, mashine kilo themanini na tano, jenereta arobaini na tano, mipira ya maji na sabuni arobaini, Rudaina, yaani mimi, sitini na saba. Mstari wa mwisho alijiandika mwenyewe: themanini na nane. Jumla mia saba sabini na tano. "Gari lisiloweza kubeba hizi," alisema, "tusilitazame hata kwa bahati mbaya."

Alifariki mwezi wa pili. Mwezi wa nne nilikwenda na karatasi ile kwenye yadi ya magari ya Abu Luay, peke yangu, maana Amman nzima ilikuwa imeanza kusafisha na kukunja mazulia ya msimu wa baridi, na kazi hii ukiukosa msimu huo umeukosa mwaka.

Alikuwa na magari mawili yaliyonifaa. Dogo lilibeba kilo mia saba. Kubwa lilibeba elfu moja, lakini lilikuwa refu, lisingepinda kona za Jabal Jofeh, mtaa wa kilimani, na wateja wangu karibu wote wako huko.

"Chukua dogo, hajati," alisema. Makka sijaikanyaga, lakini ukishaota mvi kwetu umeshahiji. "Mashine na ndoo, utajaza nini?"

"Maji."

"Maji nayo unayapima?"

"Lita moja kilo moja, Abu Luay. Wenzangu wanapima tangi likiwa tupu, halafu wanashangaa breki zikiwakataa mteremkoni."

"Si utumie ya mteja?"

"Kwako maji ya bomba yanakuja siku gani ya wiki?"

"Jumanne."

"Basi Jumatatu nije nioshee sofa kwa hayo yaliyobaki kwenye tangi juu ya paa?"

Akacheka. "Hayo hata mama mkwe simpi."

Nikakaa kwenye kiti cha dereva cha lile dogo, nikaanza kupunguza kwenye karatasi. Nikatoa lita sabini na tano za maji, nikaona sebule ya tatu itabaki chafu. Nikayarudisha. Nikatoa jenereta, ikawa mashine ni pambo, na kilo bado zimezidi. Abu Luay akainama dirishani kuisoma karatasi.

"Huyu wa themanini na nane nani?"

"Mume wangu."

"Ndiye anayekuzidishia. Mwache atembee, hajati. Vilima vitampunguza tumbo."

Ulikuwa utani wa kawaida, na Mutasim angeucheka kuliko sote. Nilijaribu kuucheka, nikashindwa. Jibu lake nililisema matangani mara mia, kwa watu waliokuja wakilijua. Huyu alikuwa wa kwanza kulisikia kwangu.

"Amefariki."

Akautoa mkono wake dirishani. "Mungu amrehemu. Nisamehe, dada yangu." Halafu akaongeza, "Kama unalitaka lile kubwa, lichukue. Kona tutaona."

"Halitapinda," nikasema.

Nikatoa kalamu. Siku zake za mwisho nilikuwa nikimgeuza kitandani bila msaada wa mtu, na nadhani hakufika hata kilo hamsini. Themanini na nane zilikuwa za mtu wa mwaka jana. Hata hivyo nilikaa na kalamu muda mrefu kabla ya kuzipiga mstari. Ikabaki mia sita themanini na saba.

Asubuhi ya kazi ya kwanza nilijaza tangi mpaka juu, nikawasha lile gari dogo, nikakaa. Ilinichukua muda kujua ninachongoja. Nilikuwa nangoja mlango wa pili ubamizwe, kwa kuwa Mutasim hakuwahi kufunga mlango wa gari polepole maishani mwake.

Nikaondoka. Kile kilima cha Jofeh, na maji yote yale, gari lilikipanda bila kuguna. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa, na ndiyo iliyoniliza.