Theluji Ndani ya Kichupa cha Supu

Katika kijiji kile cha Akita, mkoa wa theluji nyingi, dhambi kubwa zilikuwa tatu: kuiba, kusengenya maiti, na kutia chumvi nyingi kwenye supu ya miso, ile rojo ya soya iliyochachushwa kwa chumvi. Mbili za kwanza zilisameheka.

Mlinzi wa sheria ya tatu alikuwa Bibi Hatsue, mwanamke wa kujitolea wa lishe, mwenye aproni ya kijani na kipima chumvi kilichoning'inia shingoni kama filimbi ya refa. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, nyumba zenye wagonjwa wa moyo, figo au presha zilipeleka ukumbini kichupa cha supu iliyopikwa asubuhi hiyo. Bibi Hatsue alitumbukiza ncha ya chombo chake, akatangaza namba kwa sauti ya kuhani, kisha akaiandika kwenye daftari ambalo daktari wa zahanati alilipitia kabla ya kuandika dawa.

Mgonjwa wa moyo katika nyumba ya Mzee Tamekichi alikuwa Tamekichi mwenyewe. Tangu mkewe afariki alijipikia supu, tena kwa miso ambayo marehemu aliitengeneza kwa mikono yake katika majira ya kuchipua ya mwisho ya maisha yake. Pipa lilikuwa limebaki nusu. Miso ile ilikuwa na chumvi ya kutosha kumtoa mtu machozi, na huenda si chumvi peke yake iliyomliza mzee.

Mpeleka kichupa alikuwa mjukuu wake, Chizuru, msichana wa miaka kumi na sita aliyesoma shule ya bweni mjini na kurudi nyumbani kila mwisho wa mwezi. Shuleni aliheshimika kwa kazi zake. Kuna siku walimu wote kumi na tisa waliingia darasani wamevaa ndala zisizo jozi, na uchunguzi wa kina haukumpata mhalifu.

Novemba, njiani kwenda ukumbini, Chizuru alisimama na kutafakari kwa uzito unaostahili. Mwaka uliopita Bibi Hatsue aliondoka na pipa la figili za chumvi la Mzee Iwao, amelikumbatia kama polisi aliyekamata magendo. Namba ikiwa kubwa, zamu ya pipa la bibi yake ingefika. Basi akanywa nusu ya supu, akachota theluji safi juu ya uzio, akajaza kichupa na kukitikisa.

"Sifuri nukta sita!" Bibi Hatsue alitangaza. "Tamekichi? Yule mbishi?"

"Amezaliwa upya, Bibi," alisema Chizuru, kichwa kimeinama kwa unyenyekevu.

Ukumbi ukapiga makofi. Alicheka njia nzima kurudi nyumbani. Desemba akarudia, na Januari pia, maana mzaha uliofaulu ni kama mbwa uliyemlisha: hurudi wenyewe mlangoni.

Babu alivimba miguu. Viatu vyake vya theluji vikakataa kuingia, akavaa vya marehemu baba yake vilivyokuwa vikubwa zaidi. Daktari alifungua daftari, akakuna kichwa. "Chumvi si tatizo hapa," alisema, akaongeza vidonge vya kutoa maji mwilini. Babu mwenyewe alikuwa na furaha isiyo ya kawaida. Zamani alikunywa bakuli moja asubuhi; sasa alikunywa matatu.

"Babu, utageuka pipa."

"Nyamaza, wewe mtundu. Mimi ni mfano wa kuigwa kijijini."

Mwisho wa Februari, Chizuru akiwa nyumbani, pumzi ilimkatika babu akiondoa theluji mlangoni. Akapelekwa hospitali ya mjini, amelala nusu ameketi kwa sababu akilala chali alihisi anazama.

Jioni ile Chizuru alikwenda kwa Bibi Hatsue. Hakuwa ameandaa kichekesho chochote.

"Bibi, ile supu niliitia theluji."

"Theluji gani?"

"Ndani ya kichupa. Miezi yote mitatu. Ungelichukua pipa la marehemu bibi yangu."

Bibi Hatsue aliketi karibu na jiko la mafuta ya taa, akavua miwani.

"Nani kakwambia ningelichukua? Babu yako alinijia hapa Oktoba. Akasema, 'Hatsue, mimi na wewe tunagombana tangu darasa la pili, lakini hicho chombo chako hakina ugomvi na mtu. Kikisema chumvi imezidi, pipa nitalifunga mwenyewe. Nataka nimwone yule mtundu akimaliza shule.' Kipimo kilipotoka akaja mbio, anacheka. Akaniuliza, 'Sasa naruhusiwa kunywa?'" Alifuta miwani ambayo haikuwa na uchafu. "Nikamwambia kunywa. Mimi, mwanangu. Kwa mdomo wangu huu."

Chizuru alingoja agombezwe. Hakugombezwa. Bibi Hatsue alivaa koti, wakaenda pamoja kumweleza daktari wa hospitali, naye akabadilisha dawa na chakula usiku uleule. Lakini maji yalikuwa yamezidi unga.

Kesho yake Chizuru alimkuta babu mbele ya uji wa wali usio na chembe ya chumvi.

"Huu umepikwa na mtu aliyeachwa na mchumba," babu alisema.

Chizuru akamwambia yote. Alisema haraka, akitazama kijiko.

"Theluji ya wapi?" babu aliuliza.

"Ya juu ya uzio wa Mzee Iwao."

"Paka wake wanapita pale." Kisha akahesabu kwa vidole. "Kwa hiyo yale mabakuli matatu..."

Hakumaliza. Alivuta trei karibu, akashika kijiko, akaanza kula. Alikula uji ule alioudharau kijiko kwa kijiko, akipumzika kuvuta pumzi katikati, mpaka akakwangua bakuli. Mchana alikula tena, samaki wa kuchemsha asiye na ladha, na jioni tena. Muuguzi alipouliza kama amletee limau kidogo, alikataa.

"Msiongeze kitu. Leteni kama daktari alivyosema."

Siku nne alikula hivyo, kama mwanafunzi aliyekosa muhula mzima na anataka kuusoma wote kabla kengele haijalia.

"Nimekula vizuri?" alimuuliza Chizuru kila mara.

"Vizuri sana, babu."

"Bado kidogo tu. Miguu inapungua, siyo?"

Chizuru aliitazama miguu. "Inapungua, babu."

Asubuhi ya tano mhudumu alileta uji wakati walipokuwa wameshamfunika babu uso. Hakujua, alikuwa mgeni katika zamu hiyo. Chizuru aliupokea kwa mikono miwili, akasimama nao kando ya kitanda, wa moto, kwa sababu hakuna aliyemwambia afanye nini nao.