Jiwe Linalokohoa

Jiwe zima likigongwa huimba. Jiwe bovu hukohoa. Sebahire alifundishwa hivyo Goma, angali kijana asiye na ndevu, na kwa miaka thelathini na minne hakuhitaji elimu nyingine. Huinua jiwe jeusi la volkeno, huligonga mara moja kwa nyundo, husikiliza, kisha ama hulilaza ukutani ama hulitupa. Kuta nyingi zinazoizuia milima ya Gisenyi isiteremkie ziwani zilipita mikononi mwake, na hakuna hata moja iliyowahi kupiga magoti.

Asubuhi hiyo alisimama katika uwanja wa chuo cha ufundi, mbele ya lundo la mawe lililomwagwa na lori, na moyo ulimdunda kama wa mwizi.

Msimamizi wa ukuta ambao Sebahire na wenzake walikuwa wakiujenga kando ya barabara ya ziwani alikuwa amekwisha kutangaza: kuanzia Jumatatu, atakayeshika mwiko ni mwenye cheti peke yake. Asiye nacho atabeba mawe. Hata hivyo, mafundi waliojifunza kazini bila kukanyaga darasa wangepimwa kwa siku moja, na aliyestahili angepewa cheti.

Mtathmini alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, Iribagiza, aliyekulia Karagwe. Kiswahili chake kilinyooka kama uzi wa timazi.

"Hii inaitwa utambuzi wa ujuzi wa awali," alisema. "Sikuja kukufundisha, mzee wangu. Nimekuja kushuhudia unachokijua tayari. Jenga pembe ya ukuta, ifike magotini. Mawe uchague mwenyewe. Mwisho nitaandika moja kati ya mawili: mahiri, au bado hajawa mahiri. Hapa hakuna kuanguka."

Sebahire aliitazama midomo yake mpaka ilipofumba.

"Papa, we njo ulitufundisha sisi wote!" alipaza sauti Hakimu, mwanafunzi wake wa zamani, aliyekwisha kupimwa mapema na kufaulu. "Leo watakupima na nini? Na mizani ya nyanya?"

Mafundi walicheka. Sebahire naye akacheka, ingawa alichokishika ni "papa" na "nyanya" tu. Yaliyobaki aliyaziba mwenyewe, kama fundi azibavyo nyufa kwa udongo. Ndivyo alivyoishi kwa miaka mitatu. Masikio yake hayakufa kwa kishindo. Yaliondoka kama wageni wenye adabu: kwanza ndege, kisha mvua juu ya mabati, mwisho sauti ya mawe. Siku jiwe lilipomnyamazia, alirudi nyumbani akijua amekwisha. Lakini kesho yake alijenga, na ukuta ukasimama. Akajenga mwingine, nao ukasimama. Akaamini kwamba sikio limehamia kiganjani. Hakumwambia mtu. Moyoni alijivuna: wengine huzeeka wakapungua, yeye alizeeka akahama.

Basi alijenga. Aligonga kila jiwe akiinamisha kichwa kama anayesikiliza, akapima mtetemo kiganjani, akalaza. Timazi haikumkosoa hata unywele. Saa mbili zilipokwisha pembe ilisimama, nyeusi, ya kupendeza, na Sebahire akajifuta jasho.

Iribagiza akachukua nyundo. Akaligonga jiwe la kwanza, akapita. La pili, akapita. La tatu akaligonga, akatulia, akaligonga tena. Sebahire hakulitazama jiwe. Alimtazama Hakimu, na Hakimu alikuwa ameinamia viatu vyake.

Katika mawe kumi na moja, manne yalikohoa. Lile la pembeni kabisa, linalobeba mengine, lilipasuka kwa pigo la pili. Ndani lilikuwa tupu kama jino lililooza.

"Mzee, hukulisikia?"

"Nilisikia," alisema Sebahire. "Ni haraka tu. Jua pia."

Iribagiza aliandika polepole, kama anayempa nafasi ya kusema neno jingine. Kisha akamgeuzia karatasi: bado hajawa mahiri. Atarudi baada ya miezi sita.

Nje ya geti alimkuta Nyirarukundo, mwanamke aliyembebea mawe kwa zaidi ya miaka kumi. Hakuitwa na mtu. Alikuwa ameketi juu ya ukingo wa mfereji na kitenge chake cha kazi magotini.

"Mawe ulichagua mwenyewe?" aliuliza.

"Nani mwingine angechagua?"

Mwanamke akatazama pembeni. Sebahire akazunguka mpaka akauona mdomo wake.

"Mama. Yale mawe ya kila siku…"

"Nilikuwa naigonga kwanza kule chini. Yenye kukohoa natupa. Yenye iko muzuri nakuletea."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile nilikuita mara tatu kwa mgongo yako, na haukugeuka."

"Na haukuniambia!"

"Na we ulikuwa umeniambia?"

Hasira ilimpanda. Alizifikiria kuta za miaka mitatu, moja baada ya nyingine, zile alizowaonyesha wageni kwa kidole akisema, hii ni mkono wangu. Kila ukuta ulisimama. Kila ukuta ulichaguliwa na mtu mwingine, aliyeinama chini ya mteremko, kisha akaubeba uchaguzi wake kichwani bila kudai hata shukrani. Sikio halikuwa limehamia kiganjani. Lilihamia kwa jirani.

Alirudi ndani. Iribagiza alikuwa akifunga mkoba.

"Andika vizuri, madamu. Hiyo 'bado' ufute. Mi masikio yangu imekufa. Miezi sita haitaifufua." Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyodhani, mafundi wote wakageuka. "Ujuzi unayotafuta iko pale kwa geti. Muite umupime."

"Amesajiliwa kama nani?"

"Anaitwa Nyirarukundo. Anabeba mawe."

Iribagiza alitazama orodha yake, ingawa alijua haina nafasi hiyo. "Wabebaji hawamo, mzee." Akafikiri. Kisha akageuza karatasi, akaandika jina la Nyirarukundo upande usio na mistari. "Nitauliza. Siahidi."

Jumatatu Sebahire alifika kazini mapema, bila mwiko. Chini ya mteremko Nyirarukundo alizungusha kipande cha kitenge mpaka kikawa kata ya kubebea mzigo, akamwekea kichwani, akaibana kwa viganja viwili kama anayemvika mtoto kofia.

"Shingo, papa. Usikaze shingo. Na usitazame miguu yako, utaanguka."

"Nitazame nini?"

"Kisigino yangu."

Wabebaji wawili walimtwika jiwe. Lilikuwa zito kuliko mawe yote aliyowahi kuyalaza, na hakujua kama lilikuwa zima, ilimbidi aamini. Mbele yake kisigino cha Nyirarukundo, kilichopasukapasuka na kushika vumbi jeusi kwenye nyufa, kiliinuka, kikakanyaga, kikainuka. Alikifuata. Katikati ya mteremko pumzi zilimwisha, akaanza kubaki nyuma.

Mwanamke hakugeuka kumtazama. Alipunguza mwendo tu.