Buni za Soliyana

Moshi ulikuwa umeshatoka jikoni na kutanda sebuleni pale binti yangu aliporudi mbio, saa ya ukutani mkononi, mfuniko wake wa nyuma umefunguliwa. Alikuwa na miaka tisa. Alisimama mbele ya jiko la mkaa, akazitazama buni nyeusi tii kwenye kikaango, kisha akanitazama mimi niliyekuwa nimewahi kukiepua.

"Nilikuwa naziangalia, Mama," alisema. "Haki ya Mungu tena, nilikuwa naziangalia."

Mama yangu alikuwa amesafiri tangu alfajiri kutoka Debre Birhan ili anywe kahawa hiyo. Alikaa kwenye kigoda chake, shuka nyeupe mabegani. Majirani wawili walikohoa kwa adabu.

Mwaka ule nilikuwa hoi. Nilishinda dirishani posta nikigonga mihuri, na mara mbili kwa wiki shule ilinipigia simu. Muhula wa kwanza Soliyana alikuwa wa pili kati ya watoto hamsini na wanane. Muhula wa pili nusura ashike mkia. Kwetu swali la kwanza ni "Amekuwa wa ngapi?", nami nilijifunza kulijibu kwa kutaja muhula unaonifaa.

"Mwanao ana kiguu na njia," Mwalimu Zenebech aliniambia. "Nikisema fungueni madaftari, yeye ameshafika dawati la nyuma anawafundisha wenzake hesabu, tena vizuri kunishinda. Sasa nimchape au nimpe chaki? Niambie wewe, mama yake."

Mwalimu mkuu alikuwa upande wa chaki. Alitaka kumrusha darasa, kutoka la tatu hadi la tano, kwani kwa maoni yake mtoto alikuwa na kipaji na alichoshwa tu. Ila daktari wa watoto, Girum, mtu mpole mwenye macho ya kukosa usingizi, aliniomba nisitie kwanza sahihi ya kumrusha. Alinipa fomu ya maswali arobaini niirudishe Jumatatu.

"Mtoto mwenye akili nyingi akichoshwa hatulii," alisema. "Na mtoto ambaye kichwa chake hakishikiki naye hatulii. Ukiwatazama darasani hutajua yupi ni yupi. Wewe mwangalie kwenye jambo analolitaka mwenyewe, asiloagizwa na mtu. Je, analimaliza?"

Niliijaza fomu posta, kati ya mteja na mteja. Swali la kumi na saba liliuliza kama mtoto huacha katikati jambo analolipenda. Niliandika "Kamwe" bila kufikiri. Nililitaka jibu lile, la kipaji. Mtoto mwenye kipaji ni habari ya kumpigia mtu simu. Huyo mwingine ni wa kufungiwa mlango, maana watu wataanza kuuliza ulikula nini ukiwa mjamzito, na atatokea wa kukuelekeza kwenye maji ya baraka kanisani. Niliogopa, na niliona haya pia.

Jumapili ile ya moshi ilikuwa siku moja kabla ya kurudisha fomu. Kwa wiki tatu Soliyana alikuwa ameniomba amkaangie bibi yake kahawa. Alifanya mazoezi kwa maharagwe, kwenye kikaango kisicho na moto. Hakuna aliyemtuma. Nami nilimwacha peke yake kidogo tu, nikaenda kuwapokea majirani mlangoni.

"Ilikuwaje?" nilimuuliza. Nilikuwa nimejiandaa kugomba.

Alinieleza yote kwa mpangilio, machozi yakimtoka. Buni hupasuka mara mbili, mlio mkubwa kwanza, halafu mlio mdogo. Alitaka kujua katikati yake hupita muda gani, akafuata saa. Saa ilikuwa nyuma ya kengele ya kanisa kwa dakika sita. Akaifungua aone kwa nini.

"Halafu?"

"Halafu nikasikia harufu." Alijifuta pua kwa mkono. "Mama, nilitaka sana. Kwa nini sikuweza?"

Nilikaa chini sakafuni, na gauni langu la Jumapili.

"Itwangeni hivyo hivyo tunywe," mama yangu alisema. "Nimekunywa mbaya kuliko hiyo, na aliyeipika ni wewe."

Akanywa duru zote tatu za desturi yetu, hadi ile ya mwisho iitwayo baraka, akikunja uso kila funda, na majirani hawakuthubutu kuondoka kabla yake. Kabla vikombe havijaoshwa, Soliyana alikuwa ameinuka mara kumi na moja. Nilihesabu. Kati ya mara hizo aliitengeneza ile saa.

Jumatatu, kwenye foleni ya daktari, nilikata "Kamwe" nikaandika "Mara nyingi". Girum alisoma, nikamsimulia habari ya buni.

"Na saa?" aliuliza.

"Inatembea."

"Basi usiniulize ni lipi kati ya mawili. Ana akili nyingi, na akili hiyo haikai pale anapoiweka. Anayo yote mawili, na tutamsaidia kwa yote mawili."

Hakurushwa darasa. Mwalimu mkuu alininunia mwaka mzima. Mwalimu Zenebech alimhamishia dawati la mbele, akawa anampa kazi fupi fupi, na chaki.

Sitasema mambo yalinyooka. Nimetafuta viatu na funguo kwa miaka. Mtihani mmoja wa taifa aliurudisha nusu mtupu kwa sababu swali la tatu lilimnogea. Kuna siku nilijifungia chooni nilie kidogo, kisha nikatoka kupika.

Sasa ana miaka ishirini na sita, ni mhandisi wa maji, na Jumapili huja kunikaangia kahawa. Jumapili iliyopita miguu ilikuwa imenivimba, nilitaka kujilaza tu. Aliweka kikaango motoni, akamimina buni, akakivuta kigoda cha bibi yake hadi karibu na jiko.

"Kaa hapa, Mama," alisema. "Niangalie. Ukiwepo siinuki."

Nikakaa.