Mtoto wa Kuokotwa Mbele ya Baba Mtakatifu

Siku redio ilipotangaza kwamba Papa ametua Kampala, majirani zangu wa mtaa wa Manyatta, hapa Kisumu, walipiga vigelegele. Mimi niliingia ndani nikafunga mlango.

Alikuwa akizunguka Afrika, nchi baada ya nchi, na kila aliposhuka runinga ilimwonyesha akiinua mtoto mmoja juu, jina la mtoto likitajwa dunia nzima isikie. Wenzangu walifurahi kwamba anakaribia. Mimi nilimwona anakuja kama mafuriko ya kwetu Ahero: unasikia maji yamefika kwa jirani, unaanza kupandisha magodoro darini. Safari hii sikuwa na pa kupandisha kitu. Mtoto aliyechaguliwa kuinuliwa Kisumu alikuwa Owiti, na Owiti hakutakiwa kuonwa.

Kabla yake nilizika watoto wawili, wote hawakufikia kutambaa. Alipozaliwa huyu tulifanya walivyofanya wazee wetu. Alfajiri mume wangu Joram alimviringisha kwenye gunia kuukuu akamlaza kando ya jalala, na Nanyama, jirani yetu anayeuza mitumba sokoni Kibuye, akapita kama mtu asiyejua kitu, akamwokota. Akabisha kwetu. "Nimeokota mtoto. Nani atanilelea?" Tukampa kuku, tukampokea mtoto. Ndiyo maana anaitwa Owiti, yaani aliyetupwa. Kifo kikija kutafuta mtoto wangu mimi, Adero, kinaambiwa hakuna. Kuna kitoto cha jalalani tu, cha Nanyama.

Tangu hapo sikuwahi kumwita mwanangu. Anayemwita Mama ni Nanyama. Mimi ananiita Adero, kama majirani. Nguo mpya hajavaa. Mtu akimsifu, nasema ana minyoo. Na ameishi, jamani! Ana mwaka na nusu, anafukuza kuku uani.

Sasa huyo Joram ndiye katekista wa parokia. Usinicheke. Kanisani hukemea mila mpaka mate yanaruka, lakini alfajiri ile ni yeye aliyeniamsha. Wiki chache kabla ya ziara, Mama Debra, mwenyekiti wa akina mama Wakatoliki, alipomwona Owiti baada ya misa alipiga makofi.

"Nyar Kano," aliniita, yaani binti wa kwetu Kano, "huyu mtoto amenona! Huyu ndiye wa Papa."

"Ana minyoo," nikasema.

"Minyoo gani? Si uone hizo mashavu!"

Nikamgeukia Joram amkatalie. Akatazama viatu vyake, akasema ni heshima kubwa.

Nyumbani nilimwakia. "Unamtoa mtoto, Joram? Unamwonyesha kila mtu?"

"Ni Baba Mtakatifu, Adero. Baraka yake itaua mtu?"

"Na kule jalalani ulimpeleka kutafuta baraka gani?"

Akakaa kitandani, akashika kichwa. "Nitasema nini? Katekista akatae Papa?"

Nikaenda kulia kwa Nanyama. Yule mama hana subira na machozi. "Wewe Adero, hebu nyamaza. Mtoto ni ya nani?"

"Ni wako."

"Basi uende useme hivyo. Papa akiuliza, sema si yako, iliokotwa. Hata kukiwa na kamera mia, zote zitasikia hivyo."

Mfa maji haachi kutapatapa. Nikalishika neno hilo, nikalala nalo, nikaamka nalo.

Siku yenyewe Mama Debra alimvika Owiti shati jeupe jipya bila kuniuliza. Nilikuwa nimempaka masizi nyuma ya sikio kumkinga na jicho baya, hayo hakuyaona. Tukasimamishwa mbele kabisa ya uwanja, vipaza sauti kila upande, kamera zikitukodolea macho. Nanyama alibaki nyuma ya kamba na umati. Joram alikuwa na makatekista wenzake, amevaa suti ya harusi yetu. Nilimkumbatia mtoto kwa nguvu.

Gari jeupe likasimama. Akashuka mzee mwembamba, uso umechoka kwa safari, akaninyooshea mikono. Akasema kitu kwa lugha yake. Padri mkalimani, mgeni aliyekuja na msafara, akaniwekea kipaza sauti mdomoni.

"Baba Mtakatifu anauliza, huyu ni mwanao?"

"Si wangu," nikasema, na uwanja mzima ukarudisha sauti yangu. "Ameokotwa jalalani."

Watu wa kwetu waliguna, walielewa. Padri hakuelewa. Alipotafsiri, uso wa mzee ulibadilika, na kabla sijavuta pumzi askari wa kike aliyetoka Nairobi na kikosi cha ulinzi alikuwa amemchukua Owiti mikononi mwangu.

"Mama, kaa kando. Mzazi wa huyu mtoto yuko wapi?"

Owiti akanyoosha mikono juu ya bega la yule askari, akalia kwa nguvu zote: "Adero! Adero!"

"Mnaona?" askari akawaambia wenzake. "Hata mtoto mwenyewe anamwita jina." Na akaanza kumpeleka kwenye magari.

Hapo niliogopa mara mbili kwa wakati mmoja. Nikinyamaza, wanamchukua. Nikisema, kifo kinasikia, na hakuna pembe ya uwanja isiyokuwa na kipaza sauti. Niliona shati lake jeupe likienda. Nikamnyang'anya padri kile chombo.

"Nyathina! Ni mwanangu! Nimemzaa mimi, Adero wa Joram! Ni wangu!"

Joram akaruka kamba. Alisimama mbele ya askofu wake, aliyekuwa kando ya Papa, akilia. "Ni wetu. Mimi mwenyewe nilimweka jalalani, ili asife kama wenzake."

Padri alitafsiri polepole. Papa alisikiliza mpaka mwisho, akamfuata askari, akampokea mtoto. Hakumwinua juu. Alimleta akamweka kifuani kwangu, akaniwekea mkono kichwani. Kisha akapanda gari. Jioni redio ilisema ameshafika nchi nyingine.

Nyumbani watu walijaa, wakala, wakacheka, wakaondoka. Akabaki Nanyama. Alimvua Owiti lile shati, akamvika fulana yake ya matundu.

"Labda hakikusikia," akasema. "Kelele ilikuwa mingi."

Kilisikia. Kampala walisikia, Roma walisikia, kifo kina masikio gani ya kushindwa? Nilikaa kwenye kigoda nikimtazama mtoto akivuta mkia wa kuku, nikitafuta dalili ya homa machoni pake.

Owiti akamwachilia kuku. Akaja mpaka magotini pangu.

"Mama," akasema.

"Ee," Nanyama akaitika, kwa mazoea. Lakini mtoto hakuwa akimtazama yeye, alinitazama mimi.

Nilimziba mdomo kwa kiganja. Pumzi yake ilikuwa ya moto mkononi mwangu, nami sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa pale, siku za mazishi zikiwemo. Kisha nikaondoa mkono, aseme tena.