Gitaa Kisogoni

Mwenye ukumbi alinipasulia: nisipopiga gitaa kisogoni kama nilivyozoea, kesho nisirudi. Lakini dada yangu alikuwa anaimba wimbo wake wa taratibu kwa mara ya kwanza, na mbwembwe zangu zingemmeza.

"Kaka, usiniharibie," alininong'oneza.

Nikapiga kwa upole. Watu wakapayuka: "Mzee, kisogoni! Au mgongo umekataa?"

Dada alipopumzika kati ya beti, nikalipandisha gitaa kisogoni. Ukumbi ukalipuka. Huko nyuma ya kichwa nikaendelea na muziki uleule, polepole, bila kuongeza hata noti moja. Kelele zikakatika, watu wakatega sikio. Dada akaingia ubeti wa mwisho, sauti ikajaa mpaka mlangoni.

Alipomaliza walipanda juu ya viti, na mwenye ukumbi alipiga mluzi kuwashinda wote.