Nani Ameshika?

Wanafunzi walimpachika jina la Mkono, na halikuwa la kumsifu. Mwalimu huyu wa kurusha ndege zisizo na injini hakuweza kukaa kiti cha nyuma mikono ikatulia. Mwanafunzi akigusa usukani wa mbele, yeye nyuma keshaugusa wake, na zote mbili zimeunganishwa. Unadhani unarusha, kumbe unarushwa! Miaka ishirini na sita alifundisha hivyo, na hakuwahi kumvunja mtu hata ukucha.

Lakini kila baada ya miaka mitatu walimu hurudi kunolewa upya, na safari hii mkaguzi alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, yule binti aliyekuwa akitapika kila wakikata kona. Sasa ana karatasi na kalamu, na hana masihara.

"Shikamoo, Mwalimu. Nakuheshimu kama baba, lakini leo najifanya mwanafunzi wako. Nitakosea makusudi, nawe utanielekeza kwa mdomo. Ukigusa usukani bila sababu, leseni ya ualimu naichukua."

"Marahaba. Haya mama, twende," Mkono akajibu. Bila kufundisha angekuwa nani? Mkewe alikwishamwonya asije akashinda jikoni kumkosoa anavyokata vitunguu.

Mashine iliyo chini uwanjani ikawavuta kwa kamba hadi juu, kamba ikaachiwa, kimya kikatanda. Mkono akaikalia mikono yake. Aliikalia kabisa, nakwambia, kama mtoto aliyekatazwa kudokoa. Binti akaharibu kona, Mkono akamwambia, "Kanyaga mguu wa kushoto." Binti akapunguza mwendo mno, Mkono akamwambia, "Pua chini, mama." Vidole vilimwasha, akavumilia.

"Mwalimu, shika kidogo, niandike," binti akasema kutoka mbele.

Mkono akacheka moyoni. Mtego huo! Anataka nishike, kisha aniandike kosa. Hadanganyiki mtu hapa. Akaguna tu, akazidi kuikandamiza mikono chini ya mapaja.

Ndege ikateleza imenyooka, haina hata mtikisiko. Mwalimu akatazama mashamba kule chini kwa fahari.

"Mwanangu, unairusha vizuri," akasema. "Vizuri mno. Sijui kwa nini sikukuachia zamani."

Kalamu ikasimama. "Mimi? Si nimekupa wewe?"

"Unipe mimi? Nimeikalia mikono!"

"Salale! Sasa nani ameshika?"

Hakuna. Ndege iliyotulia huenda yenyewe, na hii ilikuwa ikiwapeleka mbali na uwanja huku ikishuka polepole. "Nimeshika!" Mkono akapaza sauti, na kweli akashika. Akaigeuza, akapita juu ya uzio kwa kimo kidogo kilichomlaza fundi wa mashine kifudifudi, akatua.

Walicheka humo humo ndani hadi machozi. Binti ndiye aliyetangulia kunyamaza.

"Nimekufelisha, Mwalimu. Nikisema shika, unajibu 'nimeshika'. Wewe umeguna."

"Ni haki yako."

"Na mimi nimejifelisha. Nimeachia kabla sijasikia jibu, na wewe ndiye uliyenifundisha nisifanye hivyo. Jumamosi tunarudia wote wawili kwa mkaguzi mwingine. Mpaka hapo hufundishi."

Mkono akaitikia, masikio yakimwaka kwa aibu. Binti hakushuka. Alikuwa anaigeuza geuza kalamu.

"Lakini yale maneno, Mwalimu. Miaka minne nilijifunza kwako nikiyangoja, hukunipa hata siku moja. Leo umenipa, na sikuwa nimeshika chochote."

Mkono akaitazama mikono yake.

"Ulikuwa unaweza tangu mwezi wa pili," akasema. "Niliogopa ukijua, hutarudi kunitafuta. Nisamehe, mama."

Binti akafuta macho kwa kiganja, akaikunja karatasi mara nne.

"Jumamosi saa mbili asubuhi," akasema. "Usihangaike na usafiri. Nitakuja kukuchukua mwenyewe."